Kondo la Nyuma, Mapafu ya Mtoto Tumboni



Siku moja tulikuwa katika darasa la kisomo, kijiji kimoja chini ya Mlima Hanang. Somo la siku hiyo lilikuwa kusoma kadi ya kliniki. Tulisoma tarehe, uzito, na namba za presha. Kila mtu alikuwa anafuata kwa kidole.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Akasema:

"Mwalimu, mimi nilipoteza mtoto wa miezi minane. Alikufa tumboni. Sikuanguka. Sikubeba gogo. Sikugombana na mtu. Lakini nyumbani wanasema nilivuka mto usiku, ndiyo sababu. Wewe uliyesoma, unasemaje?"

Darasa zima lilinyamaza. Sisi tulikuwa na chaki mkononi, lakini jibu hatukuwa nalo. Tulimwambia, "Mama, tupe muda. Tutauliza, tutasoma, tutakuletea jibu."

Makala haya ni jibu hilo. Siyo la mama yule peke yake. Ni la kila nyumba iliyowahi kuzika mtoto bila kujua sababu. Tusome pole pole, na tukifika mwisho tujadiliane.

KONDO LA NYUMA NI NINI?

Mtoto akizaliwa, baada ya muda mfupi hutoka kitu kingine. Ni cha mviringo kama sahani, chekundu, laini, na kimeshikwa na kitovu. Hicho ndicho kondo la nyuma. Mimba ikitimiza miezi yake, kondo lina uzito wa karibu nusu kilo. Upana wake ni sentimita 20 au zaidi kidogo.

Wengi wetu tulifikiri kondo ni uchafu tu unaomfuata mtoto. Siyo kweli. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Mapafu yake hayana hewa, yana maji. Basi hewa anaipata wapi? Anaipata kwenye kondo. Chakula pia anakipata hapo. Na taka za mwili wake zinatolewa hapo hapo. Kwa hiyo kondo ni mapafu ya mtoto, ni mdomo wake, na ni figo zake.

Katika hewa tunayovuta kuna kitu kiitwacho oksijeni. Bila oksijeni moto hauwaki na mtu haishi. Mama anavuta hewa, oksijeni inaingia katika damu yake, na damu inaipeleka mpaka kwenye kondo.

Hapa kuna jambo la ajabu. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Fikirini mnada wa ng'ombe. Upande mmoja wa uzio wamesimama wenye mahindi. Upande wa pili wamesimama wenye mbuzi. Mzigo unapita juu ya uzio, lakini watu hawavuki. Jioni kila mmoja anarudi kwao na kile alichopata. Ndivyo ilivyo kwenye kondo. Damu ya mama inafika upande wake na damu ya mtoto inafika upande wake. Katikati kuna ukuta mwembamba sana. Oksijeni inavuka ukuta huo kwenda kwa mtoto, na hewa chafu inavuka kurudi kwa mama.

MFEREJI UNACHIMBWA MIEZI YA MWANZO

Sasa tusikilize vizuri, maana hapa ndipo penye siri ya jambo lenyewe.

Katika wiki 10 hadi 12 za mwanzo, mtoto ni mdogo sana. Hahitaji oksijeni nyingi. Chembe za kondo huziba midomo ya mishipa ya damu ya mama ndani ya mji wa mimba. Ni kama mkulima anavyoziba mdomo wa mfereji kwa udongo ili maji yasiingie shambani kabla bustani haijawa tayari.

Baada ya hapo mdomo unafunguliwa. Damu ya mama inaanza kuingia kwa wingi. Lakini kazi haijaisha. Chembe za kondo huingia ndani ya mishipa ya mama na kuipanua. Mishipa iliyokuwa myembamba na yenye kujikunja inakuwa mipana na laini. Kazi hii kubwa inafanyika mpaka mimba ikaribie nusu, yaani kama wiki 20.

Mkulima wa vitunguu anajua. Mfereji ukiwa mpana, maji yanaingia kwa upole, yanalowesha kila tuta. Mfereji ukiwa mwembamba, mambo mawili yanatokea. Kwanza, maji hayatoshi. Pili, yale machache yanayopita yanakuja kwa nguvu, yanang'oa miche.

Ndivyo inavyotokea mishipa ya mama isipopanuka. Damu inayofika ni kidogo, tena inakuja kwa nguvu na kuumiza kondo. Mtoto anapata oksijeni haba na chakula haba. Anakua pole pole. Anaweza kuzaliwa mdogo, au kabla ya wakati. Wengine hufa tumboni. Na kondo lililoumia hutoa vitu katika damu ya mama, presha yake inapanda, na anaweza kupata kifafa cha mimba.

Je, nani aliharibu mfereji? Hakuna. Mama hakuuziba kwa mkono wake. Kazi hii inafanyika ndani kabisa, wakati mwingine kabla mama hajawaambia watu kwamba ana mimba.

UGONJWA UNAANZA MAPEMA, UNAONEKANA BAADAYE

Tatizo ni hili. Mfereji unaharibika katika miezi ya mwanzo, lakini dalili haziji siku ile. Presha inayotokana na ugonjwa huu kwa kawaida huonekana baada ya wiki 20. Mara nyingi huonekana katika miezi ya mwisho. Mama anajiona mzima. Analima, anachota maji, anakamua. Halafu siku moja kichwa kinauma sana, uso unavimba, macho yanaona giza.

Ni kama nyumba yenye mchwa. Unauona mlango, unaiona dari, kila kitu kizuri. Kumbe nguzo imeliwa ndani.

Kwa hiyo madaktari wa nchi nyingi wamejiuliza: je, tunaweza kutazama kondo mapema, mimba ikiwa na miezi mitatu, minne au mitano? Tunaweza kujua kama oksijeni inafika vizuri kabla mama hajaugua? Swali hilo limewafikisha kwenye mashine iitwayo MRI.

MASHINE YA SMAKU

Herufi hizi tatu hutamkwa em-ar-ai. MRI ni mashine kubwa yenye tundu katikati, kama pipa kubwa lililolazwa. Mgonjwa analala juu ya kitanda chembamba na kitanda kinaingia ndani ya tundu. Mashine inapiga kelele nyingi, gong'o gong'o, kwa hiyo mgonjwa anawekewa vizibo masikioni.

MRI siyo eksirei. Haitumii mionzi ya eksirei. Inatumia smaku na mawimbi ya redio, ndugu wa yale mawimbi yanayotuletea taarifa ya habari. Smaku yake ina nguvu sana. Katika mashine nyingi za hospitali inazidi mara 20,000 ile nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kuingia na kisu, funguo, bangili za chuma wala pini.

Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani aitwaye Paul Lauterbur alionyesha jinsi ya kutengeneza picha kwa njia hii. Mwingereza Peter Mansfield aliiendeleza. Mwaka 2003 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli.

Inafanyaje kazi? Mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Ndani ya maji mna vitu vidogo sana viitwavyo hidrojeni. Kila kimoja ni kama smaku ndogo.

Fikirini kundi la ng'ombe malishoni. Kila ng'ombe anatazama upande wake. Upepo mkali ukivuma, wote wanageuka kuelekea upande mmoja. Huo upepo ndiyo smaku kubwa. Sasa mchungaji anapiga mluzi, ng'ombe wote wanageuza vichwa kwa pamoja. Huo mluzi ndiyo mawimbi ya redio. Mluzi ukiisha wanarudi walivyokuwa, na wakati wa kurudi wanatoa mlio mdogo. Mashine inasikiliza mlio huo. Kompyuta inaugeuza kuwa picha.

SMAKU INAJUAJE DAMU YENYE OKSIJENI?

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ina himoglobini. Ndani ya himoglobini mna chuma. Chuma hicho ndicho kinachobeba oksijeni, kama punda anavyobeba madebe ya maji.

Mwaka 1936 wataalamu wawili wa Marekani, Linus Pauling na Charles Coryell, waligundua jambo. Damu iliyobeba oksijeni haivutwi na smaku. Lakini damu iliyokwisha kutua mzigo wake wa oksijeni huvutwa kidogo. Yaani punda mwenye mzigo na punda asiye na mzigo hawafanani mbele ya smaku.

Mwaka 1990 Mjapani Seiji Ogawa, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kuona tofauti hiyo. Turudi kwa ng'ombe wetu. Damu isiyo na oksijeni ni kama fisi aliyejificha kando ya kundi. Ng'ombe wanashtuka, wanavunja mpangilio haraka, na mlio wao unapotea upesi. Kwa hiyo sehemu yenye damu isiyo na oksijeni inaonekana nyeusi zaidi katika picha. Sehemu yenye oksijeni nyingi inabaki ang'avu, maana mlio wake unadumu.

Ogawa alitazama ubongo. Baadaye wengine wakasema, kwa nini tusitazame kondo la nyuma?

WAMEONA NINI?

Mwaka 2014 serikali ya Marekani, kupitia taasisi zake za afya, ilianzisha mpango maalum wa kuchunguza kondo la nyuma wakati mtoto bado yuko tumboni. Kabla ya hapo, kondo lilichunguzwa zaidi baada ya kuzaa, wakati mambo yamekwisha. Katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, wachunguzi walipiga picha za MRI kwa akina mama katika nusu ya kwanza ya mimba na muda mfupi baada yake, kisha wakawafuatilia mpaka kujifungua. Wachunguzi wa London na wa Aalborg, Denmark, nao wamefanya kazi ya namna hiyo.

Kwa ufupi, wameona hivi. Kondo zima huanza likiwa ang'avu, na huendelea kuwa jeusi kidogo kidogo kadiri mimba inavyokua. Hilo ni la kawaida. Lakini katika mimba nyingi zenye kifafa cha mimba au mtoto asiyekua vizuri, kondo huwa jeusi kuliko umri wake. Ni kama mti unaopukutisha majani kabla ya kiangazi.

Tusidanganyane, kazi hii haijakamilika. MRI haipimi oksijeni yenyewe, bali inaona kivuli chake. Mji wa mimba ukijikaza kidogo, kondo linakuwa jeusi kwa muda, halafu linarudi. Mama akilala vibaya, picha inabadilika. Kondo moja lenye afya linaweza kufanana na lingine lenye shida. Kwa hiyo mpaka sasa njia hii inatumika zaidi katika uchunguzi wa kitaalamu. Bado siyo kipimo cha kila mama, hata huko Ulaya na Marekani.

Watu wataliza: je, haimdhuru mtoto? Madaktari wanaruhusu mama mjamzito kupigwa picha ya MRI pale inapohitajika, na mpaka sasa haijaonekana kumdhuru mtoto. Ile dawa ya kung'arisha picha, ambayo huchomwa katika mshipa, huepukwa kwa wajawazito. Kipimo hiki cha oksijeni hakiihitaji. Damu yenyewe ndiyo inayotoa alama.

JE, MASHINE HIYO ITATUFIKIA?

Katika nchi yetu mashine za MRI ziko katika hospitali kubwa, kama Muhimbili kule Dar es Salaam na Benjamin Mkapa kule Dodoma. Mama wa Yaeda Chini au wa Bassotu hatasafiri kwenda huko kwa ajili ya kutazamwa kondo. Hatuwezi kumwambia asubiri smaku.

Lakini elimu haihitaji nauli. Yale yaliyoonekana ndani ya mashine ya bei kubwa yanaweza kufika katika nyumba ya udongo bila malipo. Tutoe mfano mmoja.

Wachunguzi wa New Zealand na Uingereza walitumia MRI kuwatazama akina mama wenye mimba kubwa. Waliwatazama wakiwa wamelala chali, kisha wakiwa wamelala kwa ubavu. Mama akilala chali, uzito wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Damu inayokwenda kwenye kondo inapungua, na oksijeni ya mtoto inapungua. Akigeuka ubavu, inaongezeka. Basi, mama ambaye mimba yake imefikia miezi saba, anapokwenda kulala alale kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Akiamka usiku akajikuta yuko chali, asiogope. Ageuke tu, aendelee kulala.

Gharama yake ni nini? Hakuna.

Tena, tusifikiri kwamba utafiti ni mambo ya Wazungu peke yao. Huko Kenya, katika vituo vya Rabai na Mariakani, kaunti ya Kilifi, akina mama wamefuatiliwa katika uchunguzi mkubwa wa magonjwa ya kondo, pamoja na wenzao wa Gambia na Msumbiji.

Na hapa kwetu? Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 katika Wilaya ya Mbulu, inajulikana mbali kwa kazi ya kuokoa watoto wanaokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kifaa kiitwacho Moyo, kinachohesabu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, kilijaribiwa Haydom na Dar es Salaam. Mtoto akikosa oksijeni, mapigo yake hubadilika, na mkunga anajua mapema.

Baadaye mpango ulioongozwa kutoka Haydom ulipelekwa katika hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa mitano: Manyara, Geita, Mwanza, Shinyanga na Tabora. Wakunga walifanya mazoezi mara kwa mara ya kusikiliza moyo wa mtoto na kumsaidia mtoto asiyelia kupumua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Kabla ya mpango, katika kila watoto 1,000, kama 15 walikufa wakati wa uchungu au katika siku ya kwanza. Baada ya mpango walipungua mpaka kati ya 12 na 13. Watasema, ni tofauti ya wawili watatu tu. Lakini waliozaa katika vituo hivyo walikuwa karibu akina mama 280,000. Piga hesabu, ndugu msomaji, utaona ni watoto wangapi.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE?

Kondo hatulioni, lakini tunaweza kulilinda. Haya ndiyo mambo ya kufanya:

1. Kwenda kliniki mapema. Mama akikosa hedhi, asingoje tumbo lionekane. Aende kabla mimba haijafika wiki 12, yaani wakati mfereji bado unachimbwa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonane na wahudumu mara 8 katika mimba moja.

2. Kupima presha na mkojo kila mara. Kitambaa kile kinachobana mkono ndiyo MRI yetu ya kijijini. Katika kadi tazama namba mbili, moja juu na moja chini. Zikifika 140 kwa 90 au kupita, hata moja tu kati yake, muulize mhudumu siku hiyo hiyo. Wewe sasa unajua kusoma. Soma kadi yako.

3. Kueleza historia. Mwambie mhudumu kama hii ni mimba ya kwanza, kama ulipata kifafa cha mimba zamani, kama una presha, kisukari au ugonjwa wa figo, au kama una mapacha. Mama mwenye hatari kubwa anaweza kuandikiwa aspirini kidogo kila siku, ianze kabla ya wiki 20. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa kliniki. Usinunue dukani kwa kujikisia.

4. Kuongeza damu. Damu pungufu ni punda wachache wa kubeba oksijeni. Tumeza vidonge vya kuongeza damu unavyopewa. Kula maharage, mboga za majani, nyama, samaki na mayai kadiri inavyowezekana. Chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini.

5. Kujikinga na malaria. Vijidudu vya malaria hujificha ndani ya kondo na kuziba njia ya oksijeni. Mama anaweza kuwa nao bila homa kali. Watu wa sehemu za chini wawe waangalifu zaidi, lakini hata wa juu wanasafiri. Lala ndani ya chandarua, na meza dawa ya SP kama mhudumu atakavyosema.

6. Kuondoa moshi. Hapa tuzungumze kweli. Sehemu zetu za Mbulu ni za baridi. Tunapika ndani, tunaota moto ndani, na milango tunafunga. Moshi wa kuni na wa mkaa una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni abiria mkorofi, akishakaa juu ya punda hashuki. Kwa hiyo mama mjamzito anaweza kuwa na damu nyingi, lakini imebeba sumu badala ya oksijeni. Toboa dirisha. Weka bomba la kutolea moshi. Kausha kuni kabla ya kupika. Usilale na jiko la mkaa ndani hata siku moja. Tumbaku na ugoro navyo viachwe, maana tumbaku inabana mishipa.

7. Kusikiliza mtoto. Mtoto akicheza tumboni, anatupa habari. Akipunguza kucheza kuliko ilivyo desturi yake, mama aende kituoni siku ile ile. Asingoje kesho.

DALILI ZA HATARI

Kichwa kuuma sana bila kupona. Macho kuona giza au nyota nyota. Uso na mikono kuvimba. Maumivu makali chini ya kifua. Damu kutoka ukeni. Degedege. Mtoto kuacha kucheza.

Ukiona hata moja, ondoka. Siyo baada ya mavuno, wala baada ya mnada. Piga simu namba 115, ni bure. Huo ni mpango wa m-mama, wa kumtafutia usafiri mama mwenye dharura. Namba hiyo iandikwe ukutani nyumbani kwako kwa herufi kubwa.

AKINA BABA NANYI MSIKIE

Baba, dirisha la jikoni utalitoboa wewe. Akiba ya nauli utaiweka wewe. Mzigo wa kuni na ndoo ya maji unaweza kuubeba wewe au watoto wakubwa. Na ukimsindikiza mama kliniki, hupungukiwi na kitu. Wenzako watakucheka mara moja, mara ya pili watakuiga.

TULIRUDI DARASANI

Wazee wa Kiiraqw wanakumbuka desturi ya meeta. Aliyefiwa na mtoto, au mama aliyepoteza mimba, alitengwa na jirani kwa muda. Wazee waliogopa msiba usihamie nyumba nyingine. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanalinda watu wao kwa elimu waliyokuwa nayo. Lakini mama alibaki peke yake na huzuni yake, na mara nyingine alibaki na lawama.

Sisi leo tuna elimu nyingine, basi tuitumie. Mwaka 1973, wakati sehemu zetu bado zilikuwa katika Mkoa wa Arusha, Watanzania walikaa katika vikundi wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Hivyo ndivyo elimu inavyofanya kazi. Inasikika, inajadiliwa, halafu mikono inashika jembe.

Tulirudi katika kijiji kile na majibu yetu. Tulichora kondo ubaoni, tukachora mfereji. Kisha tulimwambia mama yule hivi: "Mama, hatuwezi kusema kwa hakika mtoto wako alikufa kwa sababu gani, maana hakupimwa. Lakini tunajua kwamba watoto wengi wanaokufa tumboni hukosa hewa kwa sababu ya kondo. Kuvuka mto usiku hakuharibu kondo. Wewe hukumuua mtoto wako."

Alikaa kimya. Halafu akatuomba tuseme maneno hayo tena, kwa sauti, ili na mama mkwe wake aliyekaa mlangoni asikie.

Tuliyasema tena.

Yule bibi alitazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hiyo kliniki ya mapema, inafunguliwa siku gani?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunasema kondo la nyuma ni mapafu ya mtoto?
2. Mfereji mwembamba una madhara gani mawili? Linganisha na mishipa ya mama.
3. Kwa nini mama aende kliniki kabla ya wiki 12 wakati hajisikii mgonjwa?
4. Chukua kadi ya kliniki. Soma namba za presha. Je, zimefika 140 kwa 90?
5. Katika kijiji chetu, nyumba ngapi zinapika ndani bila dirisha? Tutaanza na nyumba ya nani?
6. Mama akipoteza mtoto, majirani wamsaidie vipi badala ya kumlaumu?